Uwanja ni wa nani? Kutoka Samora hadi Ruanda Nzovwe



Nikiwa darasa la tano nilichaguliwa kucheza halaiki. Mwenge ulikuwa unakuja Mbeya, na shule kadhaa zilipewa kazi ya kuandika neno UHURU kwa miili ya watoto katikati ya Uwanja wa Sokoine. Mimi nilikuwa kipande cha herufi H, ule mstari wa katikati. Tulifanya mazoezi wiki nyingi, jua la asubuhi hadi mchana, na siku yenyewe tulipiga magoti kwenye nyasi zenye umande tukinyanyua vitambaa kila filimbi inapolia. Sikuona chochote zaidi ya mgongo wa aliyekuwa mbele yangu. Lakini mwalimu wetu alituambia jambo moja ambalo nililibeba kwa miaka: "Wanangu, huu uwanja ni wenu, ni wa Watanzania wote."

Nikaamini. Nilikuja kujua ukubwani, nikiwa nimeshaanza kuhangaika na kalamu na kinasa sauti, kwamba Uwanja wa Sokoine una mwenyewe, na mwenyewe ni Chama Cha Mapinduzi. Najua wengi wenu hapa mnalijua hilo, tena mtaniambia hakuna habari. Ndicho kinachonisumbua. Tumelizoea mpaka halituulizi tena kitu.

Hebu tuangalie ramani ya mikusanyiko yetu huku Nyanda za Juu Kusini. Taifa linapotaka kukutana Mbeya, linakutana Sokoine. Mei Mosi ya 2019 ilifanyika kitaifa pale, Rais Magufuli akiwa mgeni rasmi. Kilele cha mbio za Mwenge 2025 kilikuwa palepale, tarehe 14 Oktoba. Taifa linapotaka kukutana Iringa, linakwenda Uwanja wa Samora. Kilele cha Mwenge 2013 kilikuwa Samora, Mei Mosi ya 2018 ilikuwa Samora. Uwanja mmoja una jina la Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, mwingine una jina la Rais wa Msumbiji aliyefariki kwa ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986. Majina makubwa, ya watu ambao hakuna anayebishana kuwa ni wetu sote. Ila hati ya Sokoine ni ya CCM, na ya Samora ni ya CCM. Si peke yao. Kirumba ya Mwanza, Majimaji ya Songea, Mkwakwani ya Tanga, Sheikh Amri Abeid ya Arusha, Ali Hassan Mwinyi ya Tabora, hadithi ni hiyohiyo.

Na wananchi wanapotaka kukutana wenyewe, bila kuitwa na mkuu wa mkoa? Hapo ramani inabadilika kabisa. Mbeya utaambiwa nenda Ruanda Nzovwe. Iringa utaambiwa nenda Mwembetogwa. Hakuna jukwaa la wageni wenye suti, hakuna kiti. Ni ardhi ya wazi, vumbi wakati wa kiangazi na tope la kukunyang'anya kiatu wakati wa masika, gari la matangazo linageuka jukwaa, wauza karanga na maji wanapita katikati ya watu. (Jina la Mwembetogwa nalipenda mno. Ukilisikia tu unaona mwembe na mama anayeuza togwa chini yake, na watu waliokuja kwa togwa wakaishia kusikiliza siasa.) Mtu yeyote aliyefuatilia siasa za miji hii miwili tangu 2010, Mbeya Mjini ilipomchagua Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, na Iringa Mjini ikamchagua Mchungaji Peter Msigwa, anajua kwamba ukweli wa miji hii ulisemwa zaidi kwenye vumbi hilo kuliko kwenye nyasi za Sokoine na Samora.

Kwa hiyo tuna viwanja vya aina mbili. Kimoja serikali inatukusanya. Kingine tunajikusanya. Hoja yangu leo ni kwamba kwa vyote viwili, mwananchi ni mgeni. Kule anaingia kwa hisani ya chama. Huku anaingia kwa hisani ya polisi.

Nianze na hisani ya chama. Siku moja nilimfuata mzee mmoja anayeishi mtaa wa Soweto, Mbeya, mtu wa makamo ya babu yangu, nikamwamkia, nikamuuliza habari za viwanja vya zamani. Alicheka. Akasema, "Mjukuu wangu, enzi zile hukuulizwa kama unataka kuchangia. Chama kilikuwa serikali na serikali ilikuwa chama. Ukikatwa umekatwa. Sasa leo ukiniuliza nilichangia chama au nilichangia nchi, nitakujibuje?" Nikamuuliza kama ana risiti. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa risiti ya harusi yake.

Hapo ndipo penye fundo. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977 katika nchi isiyoruhusu chama kingine. Kila Mtanzania aliyechangia nguvu, fedha, au siku ya kubeba mawe hakuwa na chama cha pili cha kuchagua. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, tuligawana kura, tukagawana majukwaa, tukagawana hata rangi za kanga, lakini mali zilibaki upande mmoja. Hakuna aliyekaa chini akatenganisha kilichojengwa na wanachama kwa kuwa wanachama, na kilichojengwa na raia kwa kuwa hawakuwa na kwingine.

Rafiki yangu mmoja ambaye ni kada kijana wa CCM, tunakunywa naye chai Kabwe, aliniambia: "Nyinyi mnataka vya bure. Chama kinatunza viwanja hivyo, kinavikodisha kwa timu, kinavitoa kwa sherehe za taifa. Serikali ingevichukua vingekuwa magofu." Sikatai yote. Mbeya City na Tanzania Prisons zimecheza ligi Sokoine, Lipuli imecheza Samora, na nimekaa kwenye majukwaa yale nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka bila kuuliza nani mwenye nyumba. Na ni kweli kwamba halmashauri zetu hazina sifa nzuri ya kutunza vitu. Lakini Kaitaba ya Bukoba ni ya manispaa, na haijageuka pori. Kilele cha Mwenge 2022 kilifanyika pale. Kumbe inawezekana taifa likakutana kwenye ardhi ya mji na mbingu isianguke.

Tena rafiki yangu huyo hakujibu swali nililomuuliza. Siku ya sherehe ya taifa, mtu wa CUF, wa ACT, wa CHADEMA, au yule asiye na chama kabisa (na ndio wengi), anaingia pale kama nani? Anaimba wimbo wa taifa kwenye sebule ya mtu. Sebule inaweza kuwa safi na mwenyeji mkarimu, ila ukiwa sebuleni kwa mtu hupandishi miguu kwenye kochi.

Sasa hisani ya polisi. Sheria yetu ya vyama vya siasa inakitaka chama kutoa taarifa polisi saa 48 kabla ya mkutano. Taarifa. Neno hilo naliandika peke yake kwa makusudi, kwa sababu mitaani limeshageuka kuwa "kibali". Hata viongozi wa upinzani wenyewe utawasikia wakisema "tumenyimwa kibali," na Katiba ibara ya 20 inabaki kitabuni inatuangalia. Kuanzia katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa nchi nzima, ikaachiwa wabunge wakutane na watu wa majimboni kwao. Zuio hilo liliondolewa na Rais Samia tarehe 3 Januari 2023. Zaidi ya miaka sita! Mtoto aliyeanza darasa la kwanza zuio lilipoanza alikuwa amefika la saba.

Ndani ya miaka hiyo kuna picha moja siwezi kuisahau. Desemba 2017 Sugu, akiwa mbunge, alihutubia wapiga kura wake kwenye viwanja vya Shule ya Msingi Mwenge, Mbeya. Uwanja wa shule, oneni tulipofika. Tarehe 26 Februari 2018 yeye na Emmanuel Masonga walihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno ya fedheha dhidi ya Rais yaliyotolewa kwenye mkutano ule. Akapelekwa gereza la Ruanda, na alitoka tarehe 10 Mei. Hesabuni wenyewe: Mei Mosi ya mwaka huo, Uwanja wa Samora pale Iringa ulipofurika wafanyakazi na mabango, Rais akihutubia, mbunge wa mji wa jirani alikuwa ndani kwa ajili ya alichosema kwenye uwanja wa shule. Unaweza kumpenda Sugu au usimpende. Mimi mwenyewe namkubali zaidi kwenye kipaza sauti cha muziki. Lakini siku ile nchi ilituonyesha viwanja vyake viwili kwa wakati mmoja, na kila mtu aliona kipi kina kivuli.

Halafu Agosti 2024. Vijana wa CHADEMA walipanga kuadhimisha Siku ya Vijana Duniani, tarehe 12, Ruanda Nzovwe. Polisi walipiga marufuku siku moja kabla, wakisema wana taarifa za kuwepo kwa mpango wa vurugu. Mabasi yaliyobeba vijana yalizuiwa njiani. Watu zaidi ya 500 walikamatwa, wakiwemo Freeman Mbowe, Tundu Lissu na Sugu huyohuyo. Asubuhi ya tarehe 12 uwanja ulikuwa mtupu. Zuio la 2016 lilikuwa limeshaondolewa kwa maneno mwaka mmoja na nusu kabla. Ndiyo maana nasema hisani: kinachotolewa kwa neno kinarudishwa kwa neno.

Kama mwandishi wa huku siwezi kuandika habari ya mikusanyiko nikaacha Nyololo. Tarehe 2 Septemba 2012 mwenzetu Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, aliuawa akiwa kazini katika kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, polisi walipokuwa wakitawanya shughuli ya CHADEMA ya kufungua tawi. Sababu iliyotolewa ya kuzuia shughuli ile ilikuwa sensa. Sensa, jamani, zoezi la kuhesabu watu! Askari mmoja alihukumiwa miaka 15 mwaka 2016. Nyololo si uwanja wa kihistoria, hakuna mnara, ukipita na basi kwenda Makambako hutajua umepita. Lakini kila ninapokwenda kuripoti mkutano, sehemu ya kwanza ninayoitafuta kwa macho si jukwaa. Natafuta njia ya kutokea.

Tusijidanganye kuwa ni tatizo jipya, au la chama hiki tu. Mtawala siku zote hupenda kukusanya watu mahali anapopamudu. Tarehe 19 Juni 1954, Gavana Edward Twining alikuja Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, kumkabidhi Chifu Adam Sapi fuvu la babu yake, Mkwawa, aliyejiua Julai 1898 kuliko kushikwa na Wajerumani. Ilikuwa sherehe ya haja, gwaride na sare na maelfu ya Wahehe. Kwa wenye fuvu lilikuwa jambo la machozi ya kweli, na ni haki yao. Kwa Gavana palikuwa na hesabu nyingine: Kenya ilikuwa kwenye hali ya hatari tangu Oktoba 1952, na kabila lenye sifa ya vita lilikuwa zuri kuwa nalo upande wako. Sherehe moja, nia mbili, uwanja mmoja. Adam Sapi yuleyule akaja kuwa Spika wa Bunge la nchi huru.

Na Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam, ambayo kila mtu anaiita uwanja wa kihistoria? Wakoloni waliliacha eneo lile wazi ili kutenganisha mitaa ya Wazungu na Wahindi na ile ya Waafrika wa Kariakoo. Ardhi iliyowekwa ili watu wasikutane! Ndipo TANU ikaja kukusanya watu palepale, na leo mnara wa Mwenge umesimama pale. Napenda kisa hiki kuliko vyote kwa sababu kinaonyesha uwanja hauzaliwi wa umma. Unafanywa wa umma na watu wanaokwenda.

Majirani zetu Kenya wana somo la karibu zaidi. Mwaka 1989 chama tawala, KANU, kupitia kampuni ya gazeti lake, kilitaka kujenga ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Wangari Maathai akapinga. Alitukanwa bungeni, akaambiwa hana adabu kwa wanaume, lakini wafadhili walijitoa na jengo halikujengwa. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ya Kenya ilizinduliwa kwenye bustani hiyohiyo. Tarehe 30 Januari 2018 Raila Odinga akajiapisha palepale kuwa "rais wa wananchi", kitu ambacho serikali ilikichukia kwelikweli. Ardhi ileile imebeba rais na mpinzani wake. Ingekuwa na hati ya chama, ingebeba mmoja.

Turudi kwetu. Mwaka jana, 2025, tarehe 14 Oktoba Sokoine ilijaa, watoto wa halaiki wakiwemo (sijui nani alikuwa mstari wa katikati wa H). Tarehe 29 Oktoba ukafanyika uchaguzi na yaliyofuata tunayajua, wengine tumeyaona kwa macho. Tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru yenyewe, sherehe zilikuwa zimefutwa na watu wakaombwa wabaki majumbani. Zimewahi kufutwa huko nyuma pia, 2015 tukaambiwa tufanye usafi, 2022 fedha zikapelekwa kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na sikulalamika. Hii ya 2025 ilikuwa tofauti. Wiki nane kamili kutoka uwanja uliojaa kwa amri hadi mitaa iliyokuwa mitupu kwa amri.

Sasa nataka nini? Nitasema wazi kwa sababu waandishi tumezidi kulalamika bila kutaja bei.

La Sokoine na Samora ni la kitaifa na litachukua muda. Sitegemei CCM iamke kesho ikabidhi funguo. Lakini kuna lililo ndani ya uwezo wa madiwani wetu, na wala halihitaji Katiba mpya: Mwembetogwa na Ruanda Nzovwe yatambuliwe kwenye mipango miji, kwa mipaka iliyopimwa na mawe ya upimaji, kuwa maeneo ya mikusanyiko ya umma yasiyoweza kubadilishwa matumizi. Kila aliyekaa Mbeya anajua namna eneo la wazi linavyoliwa huku. Kwanza kibanda kimoja cha chipsi, halafu fensi ya mabati, halafu siku moja unakuta msingi, na mtu ana karatasi yenye mhuri. Nani atabisha, wakati hakuna karatasi nyingine? Mchungaji Msigwa aliyekuwa mbunge wa CHADEMA kwa miaka kumi alihamia CCM mwaka 2024. Ni haki yake. Wanasiasa wanahama, Mwembetogwa haina pa kuhamia. Kwa hiyo hata wewe mwana-CCM unayenisoma ukiwa umekunja uso, uwanja huu uulinde, hujui kesho utakuwa upande gani wa kipaza sauti.

Na Mbeya tuna bahati ambayo miji mingi haina. Ndege zilipohamia Songwe Desemba 2012, uwanja wa ndege wa zamani ulibaki katikati ya jiji. Ardhi kubwa, tambarare, na kwenye jiji la milima kama hili utambarare ni mali. Mikutano mikubwa imeshafanyika pale. Sisemi lote. Wachukue wanachotaka kwa ofisi na barabara, lakini wakate kipande, waweke miti pembeni, vyoo, bomba la maji na jukwaa la zege lisilo na rangi ya chama chochote. Mei Mosi ikija ifanyike hapo. Mwenge ukija upite hapo. Na Jumamosi inayofuata, watu wanaotaka kuwaambia viongozi kwamba hawana maji nao wasimame jukwaa lilelile. Fikirieni mkuu wa mkoa akihutubia mahali ambapo wiki iliyopita alisemwa. Nadhani hata hotuba zingekuwa fupi.

Nimejaribu kwa wiki tatu kupata mchoro wa mipango miji unaoonyesha eneo lile limepangiwa nini. Ofisi ya kwanza ilinituma ya pili, ya pili ikasema mhusika yuko safari. Mdau yeyote aliye na nakala, au anayejua iko kabati gani, naomba aniambie. Fotokopi nitalipa mimi.